SOMO LA FAMILIA: Njia ya Usukani Huanzia kwa Utingo



Mwezi huu tunajifunza juu ya kazi. Wazazi wengi wanaulizwa na vijana wao: "Baba, nitafanyaje niwe dereva wa lori, nasi hatuna pesa?" Swali ni jema. Malori tunayaona kila siku. Yanatoka bandari ya Dar es Salaam, yanaingia Burundi kwa mpaka wa Kobero na kupita Muyinga. Mengine hushika njia ya Ngozi na Kayanza hadi Bujumbura, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Mengine hupitia Karuzi hadi Gitega, na kutoka Gitega magari madogo hupeleka bidhaa vilimani, hata Itaba. Kazi ipo, na inahitaji watu.

Lakini pamoja na swali hilo huja mtu mwenye jibu la haraka: "Nipe pesa, wiki moja permi iko tayari." Mama anaanza kuhesabu nguo za kuuza, baba anafikiria kukopa. Somo hili ni kwa ajili ya nyumba hiyo.

Tusome: 1 Wafalme 19:19-21 na 2 Wafalme 3:11

Elisha alikuwa mtu wa kulima kwa ng'ombe. Alipoitwa hakupewa jina kubwa siku ile ile. Alimfuata Eliya na kumtumikia. Miaka baadaye, watu walipoulizana yeye ni nani, walimtambulisha kwa kazi yake ya chini: kummiminia mwalimu wake maji ya kunawa mikono. Lakini siku vazi la Eliya lilipoanguka, Elisha alikuwa ameshaijua njia. Tujifunze mambo matano.

1. Mwenye pesa kidogo hulipa kwa utumishi

Dereva wa safari ndefu hukaa na msaidizi. Tanzania humwita utingo, na sisi wa Kongo tumezoea kusema konvoyeri. Yeye hukagua matairi, hufunga turubai na kamba, huweka kabari chini ya gurudumu, hulinda mzigo usiku, hupika, huosha gari. Mshahara wake ni mdogo, na wengine wanamdharau. Lakini kiti kile ni shule isiyodai ada. Hapo kijana anajifunza sauti ya injini yenye shida, namna ya kubadili tairi, karatasi za mzigo, mizani, na maneno ya kumwambia askari wa forodha. Kijana mwaminifu akae hapo mwaka mmoja au miwili, asione haya. Dereva akimwamini, ndiye atakayemsemea kwa tajiri wa gari.

Namna ya kuanza ni hii: mwende kwa dereva anayejulikana, mzazi na kijana pamoja, ikiwezekana na mzee wa kanisa. Ulizeni mapema juu ya chakula, malipo, na nani atamtibu akiumia. Kutumika si kuwa mtumwa.

2. Karatasi kwanza (Luka 14:28)

Yesu alifundisha kuketi na kuhesabu gharama kabla ya kujenga. Kwetu gharama ya kwanza ni karatasi. Anayekaa kambini aombe ruhusa ya kutoka. Aulize ofisi ya ONPRA juu ya kazi anayoitaka kabla ya kupanda gari. Kitambulisho cha mkimbizi peke yake hakimvushi mtu mpaka. Kwa safari za nje kuna hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayotajwa katika kifungu cha 28 cha Mkataba wa 1951. Na ukiombwa kupeleka mzigo katika nchi uliyoikimbia, uliza kwanza, maana safari hiyo inaweza kugusa hifadhi yako na ya watoto wako. Asiye na hati bado anaweza kufanya kazi za ndani ya nchi: Muyinga, Gitega, Ngozi. Usidharau njia fupi.

3. Permi ya kununua haijui kufunga breki

Permi ina ngazi. Hapa Burundi, B ni ya gari dogo, C ni ya lori, na E ni ya trela. Tanzania herufi zina maana nyingine: D ni gari dogo, na lori liko katika E. Kwa hiyo usipokee karatasi usiyoielewa.

Zaidi ya hayo, fikirini barabara yenyewe. Lori linalotoka Kayanza hupita Bugarama, mahali palipo juu ya mita 2,000. Kutoka hapo hushuka mpaka Bujumbura, karibu na ziwa, kwa kilomita zisizozidi 40. Dereva aliyefundishwa huingiza gia ndogo mapema, akaiacha injini izuie gari. Asiyejua hukanyaga breki njia nzima mpaka zinapata moto na kukataa. Mwingine huweka gia huru ili kubana mafuta, na hapo gari halimsikii tena. Tena upande wa kupanda, vijana wa baiskeli hushikilia nyuma ya lori. Dereva asiyetazama kioo anaweza kumuua mtoto wa mtu. Na akivuka Kobero kuingia Kabanga, lazima ahamie kushoto, kwa kuwa Burundi huendesha kulia na Tanzania kushoto. Kwa saa za kwanza macho na mikono hutaka kurudi kwenye mazoea.

Karatasi ya uongo haifundishi hata moja la hayo. Ajali ikitokea, kijana atakuwa na kesi mbili, ya damu na ya kughushi, naye ni mgeni katika nchi.

4. Panda ngazi moja moja (Luka 16:10)

Nyumba isiyo na pesa isikope fedha zote kwa mara moja. Wekeni kidogo kidogo katika likirimba ya jirani au kikundi cha akiba. Zamu ya kwanza ilipe mafunzo ya gari dogo. Kijana akipata B, aendeshe pikapu au gari la soko mpaka mikono itulie. Kisha C na lori dogo, kisha trela. Asimame pia katika gereji, hata kwa kufagia tu, maana dereva ajuaye makanika hupendwa na matajiri wa magari.

Ajifunze mapema kusema hapana. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka mwisho wa uzito kuwa tani 56, gari na mzigo pamoja, na mizani ziko njia nzima, kama Vigwaza, Mwendakulima na Nyakahura. Asibebe mfuko asiojua kilichomo. Usingizi ukimshika, asimame.

5. Nyumba inayobaki

Dereva hulala mbali. Miaka hii Burundi imepata uhaba wa mafuta, na gari linaweza kusimama siku nyingi bila malipo. Kwa hiyo mke aendelee na shamba lake au biashara yake ndogo; mshahara wa barabara usiwe nguzo pekee. Kwenye vituo vya malori kuna pombe na uzinzi, na UKIMWI haujaisha. Wenye ndoa waongee wazi, wapime pamoja, na kanisa lisimsahau aliye safarini.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Kwa nini Elisha hakuona aibu kumiminia maji mikono ya mwingine?
2. Ni dereva gani tunayemjua ambaye tungemkabidhi mtoto wetu?
3. Tunaweza kuweka akiba kiasi gani kila wiki bila kupunguza chakula cha watoto?
4. Mtu wa "permi ya wiki moja" akija kesho, tutamjibu nini?

Tuwaombee vijana wetu walio barabarani na wale wanaotafuta kiti cha kwanza. Mungu awabariki na kulinda kutoka kwenu na kuingia kwenu. Amina.