Homoni au Kichocheo? Seli za Utumbo na Lugha ya Kuzieleza Lodwar na Kakuma

Utangulizi
Mwanafunzi wa Kiswahili aghalabu hudhani kuwa biolojia haimhusu. Makala haya yanadai kinyume chake. Katika Kaunti ya Turkana, ambayo makao yake makuu ni Lodwar, riziki ya wengi hutokana na mbuzi, kondoo, ngamia na punda. Huko Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha mfugaji, mkimbizi na daktari wa mifugo. Lugha ikikosa maneno ya kueleza ugonjwa wa mbuzi, anayepata hasara si mwanaisimu bali ni mwenye mbuzi. Tutaeleza kwanza seli zitoazo homoni katika njia ya chakula, kisha tupime istilahi zake.

Seli zenyewe
Ukuta wa ndani wa utumbo umefunikwa na tabaka la seli. Miongoni mwa seli hizo, takriban moja katika kila mia au pungufu ya hapo ni seli zitoazo homoni. Ingawa ni chache na zimetawanyika, zikijumlishwa huhesabiwa kuwa kiungo kikubwa kuliko vyote vya kutoa homoni mwilini. Nyingi huonja kinachopita na kupeleka habari kwa njia ya damu. Seli za G, zilizo karibu na mlango wa kutokea tumboni, hutoa gastrini, nayo huamuru asidi imwagwe. Seli za S katika duodeni huihisi asidi hiyo na kutoa sekretini, ambayo huifanya kongosho itoe majimaji ya kupunguza ukali wake. Seli za I hutambua mafuta na protini, kisha hutoa kolesistokinini, ambayo hubana kifuko cha nyongo na kupunguza hamu ya kula. Seli za D hutoa somatostatini, ambayo huzuia gastrini isizidi.

Tumbo la mbuzi
Tumbo la mbuzi lina vyumba vinne. Vitatu vya kwanza havina tezi za kumeng'enya chakula. Cha nne ndicho kifananacho na tumbo la binadamu, na ndimo zilimo seli za G. Humo pia huishi mnyoo mfyonza damu, Haemonchus contortus. Minyoo ya chumba hicho ikivuruga seli zitoazo asidi, asidi hupungua. Nazo seli za G, zikikosa asidi ya kuzizuia, huzidi kumwaga gastrini. Mfugaji haoni hayo yote. Aonacho ni mbuzi anayekonda na kususia majani.

Hata hivyo, mfasiri asidhani kwamba anahutubia wasiojua. Wazee wa Kiturkana wana desturi ya kusoma matumbo ya mbuzi aliyechinjwa ili kubashiri mvua au hatari. Wasikilizaji hao huenda wakaijua ramani ya utumbo kuliko yeye. Aanze kwa kuwauliza.

Suala la istilahi
Bayliss na Starling waligundua sekretini jijini London mwaka 1902. Mwaka 1905 Starling alilitumia neno homoni, kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuamsha au kuchochea. Kwa hiyo, "kichocheo" ni tafsiri aminifu. Lakini lina kasoro mbili. Kwanza, kemia hulitumia kwa kitu kinachoharakisha mmenyuko. Pili, somatostatini huzuia. Kuiita "kichocheo kinachozuia" ni kujipinga.

Msomaji atauliza: je, homoni halina kasoro hiyo hiyo katika Kigiriki? Linayo. Ila Mswahili hasikii Kigiriki ndani ya homoni, ilhali husikia kuchochea ndani ya kichocheo.

Hitimisho
Tunapendekeza "homoni" iwe istilahi ya darasani. Zizini, ielezwe kwa picha: ukuta wa tumbo umeonja chakula, ukamtuma tarishi kwa kongosho. Tarishi hapa ni ufafanuzi tu, si istilahi mpya.

Zoezi
Mweleze mfugaji, kwa sentensi tano zisizo na istilahi hata moja, kwa nini mbuzi mwenye minyoo hususia majani. Kisha andika upya maelezo hayo kwa ajili ya kitabu cha sekondari. Linganisha kilichopotea na kilichopatikana.