Shinikizo la Mvuke na Utakasaji wa Vifaa vya Tiba
Kwenye usawa wa bahari, maji katika sufuria iliyo wazi huchemka kwa nyuzi joto 100 za Selsiasi. Moto ukizidishwa maji huisha upesi, lakini hayazidi joto hilo, ambalo haliui kwa hakika spora za pepopunda.

Mvuke ukifungiwa, shinikizo na joto hupanda pamoja. Ndivyo sufuria ya presha iivishavyo maharage upesi, na otoklevu itakasavyo vifaa vya upasuaji. Shinikizo likizidi lile la hewa ya usawa wa bahari kwa takriban ba 1, mvuke hufikia nyuzi 121. Likizidi kwa ba 2, nyuzi 134. Muda wa kutakasa, kwa uchache dakika 15 au 3 kwa mfuatano huo, huhesabiwa tangu joto lifikiwe. Vifaa vilivyofungwa kwa kitambaa huhitaji zaidi.

Geji peke yake haitoshi. Mbeya, penye mwinuko wa takriban mita 1,700, geji ikisoma ba 1 mvuke una karibu nyuzi 117 tu. Aidha, hewa ikibaki ndani, shinikizo husomeka sawa ilhali joto limepungua. Hivyo mhudumu huitoa hewa kwanza, hupanga vifaa bila kuvibana, na hutazama kipimajoto. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza kama vifaa vimetakaswa.