Besi ya Kamere: Vidokezo 9 vya Kubeba Bendi Bila Kufilisika

Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, ni makao ya watu waliokuja kufuata kazi ya maua kutoka pembe nyingi za Kenya, kila mmoja na nyimbo za kwao. Ndiyo maana mpiga besi wa ridhaa hapa hawezi kujifungia katika mtindo mmoja. Jumamosi yuko harusini chini ya tenti na anaombwa benga, kisha rumba, kisha mugithi. Jumapili asubuhi yuko kanisani. Jumatatu alfajiri anawahi basi la shamba. Muda ni haba na mfuko ni mwepesi, lakini sauti nzuri ya besi haingoji gitaa la bei ya pikipiki. Inatoka kwenye masikio, vidole na vifaa vichache vinavyotunzwa vizuri.

1. Sikiliza kabla ya kununua

Tafuta rekodi za Les Wanyika, bendi iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1978. Mpiga besi wao alikuwa Tom Malanga. Sikiliza "Sina Makosa" ukifuata besi peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, na uone jinsi nafasi anazoziacha zinavyouchezesha wimbo. Kisha sikiliza benga ya D.O. Misiani na Shirati Jazz, ambako besi inakwenda mbio na kusukuma gitaa la solo. Mpiga besi aliyeyashika hayo mawili hatishwi na harusi yoyote ya hapa.

2. Gitaa la mtumba, likague kwa macho na kwa mkono

Mtengenezaji wa magitaa Leo Fender alipotoa besi yake ya Precision mwaka 1951, ilikuwa na nyuzi nne, nobu ya sauti na nobu ya toni, basi. Gitaa la namna hiyo bado linatosha. Kabla ya kulipa, bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha tazama katikati ya shingo: pawe na upenyo mdogo, kama unene wa kadi. Upenyo ukiwa mkubwa, shingo imepinda. Piga kila freti ya kila uzi usikie kama kuna inayolia vibaya. Zungusha nobu zote na utikise tundu la waya ukisikiliza mikwaruzo. Gitaa lisilohitaji betri lina vitu vichache vya kuharibika. Ukichagua lenye betri ya volti 9, chomoa waya kila unapomaliza kupiga, kwa sababu waya ukibaki ndani betri inaendelea kuliwa.

3. Lipia matengenezo kabla ya kuota gitaa jipya

Magitaa mengi yanayoitwa mabaya hayajarekebishwa tu. Nyuzi zikikaa juu sana, vidole vinachoka kabla ya wimbo wa tatu. Pima pia kama noti zinatoka sawa, hivi: piga uzi kwa kuugusa kidogo tu juu ya freti ya 12, kisha ubonyeze hapo hapo na upige tena. Noti ya kubonyeza ikiwa juu kuliko ya kugusa, kiti cha uzi kirudishwe nyuma kidogo. Ikiwa chini, kisogezwe mbele. Shingo ikiwa imepinda, chuma cha ndani yake kizungushwe robo mzunguko kwa wakati mmoja, kisha usubiri. Kama mkono wako hauna uhakika, mwachie fundi.

4. Tunza nyuzi, zitakutunza

Seti ya nyuzi za besi ni ghali, na vumbi laini la huku Bonde la Ufa linaingia kila mahali. Weka kitambaa kikavu ndani ya mfuko wa gitaa na ufute kila uzi baada ya kupiga. Nyuzi zilizofifia zinaweza kuchemshwa kwenye maji kwa dakika chache ili uchafu utoke, kisha zikaushwe kabisa kabla ya kurudishwa. Wala usione haya kuwa na nyuzi kuukuu. James Jamerson wa Motown, Detroit, alijulikana kwa kutozibadilisha, na kwa kupiga kwa kidole kimoja cha shahada, na besi yake inasomwa na wapigaji wa dunia nzima hadi leo.

5. Ongeza sauti ya kati, punguza ya chini

Uzi mnene, E, ukipigwa wazi hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo nyingi haziwezi kutoa sauti ya chini hivyo kwa nguvu. Kinachomfikia msikilizaji ni sauti za juu zaidi zinazofuatana na noti hiyo. Ukijaza besi hadi mwisho wa nobu utachosha spika, na watu watasikia mngurumo bila kujua noti ni ipi. Anza nobu zote zikiwa katikati, ongeza ya kati kidogo, kisha mwombe mwenzako apige huku wewe ukisimama mahali wageni watakapokaa.

Ukumbi nao una tabia zake. Kwenye kanisa la mabati, ondoa spika pembeni mwa kuta, kwa kuwa kona huvimbisha sauti za chini na paa linaanza kutetemeka. Chini ya tenti hakuna kuta za kurudisha sauti, kwa hiyo weka spika ya besi chini ardhini, si juu ya meza.

6. Umeme hauna mzaha

Umeme wa Kenya ni volti 240. Usikate wala kuziba pini ya tatu ya plagi ili kuondoa mvumo. Pini hiyo ndiyo inayokulinda. Ukihisi mshtuko mdogo mdomo unapogusa maikrofoni, acha kupiga, zima kila kitu, fundi aangalie. Jenereta iwashwe kwanza itulie, ndipo amplifaya iwashwe sauti ikiwa chini kabisa. Mvua ikiingia tentini, funga shughuli.

7. Safiri mwepesi

Huna haja ya kubeba amplifaya kubwa kwa bodaboda. Kisanduku cha DI, kinachoingia mfukoni, kinapeleka sauti ya gitaa hadi kwenye miksa kwa waya mrefu bila kelele nyingi. Ongeza waya wa akiba usiozidi mita 6, tyuna, betri, tepu na tochi. Kwenye matatu ya barabara ya South Lake, gitaa likae katikati ya magoti yako, lisipande juu ya paa.

8. Panga shoo kwa kalenda ya maua

Wiki za kuelekea Februari 14 mashamba yanafanya kazi usiku na mchana, na nusu ya bendi haitapatikana. Tafuta shughuli za mwisho wa mwezi, mishahara ikishaingia. Kubali kazi baada ya kupokea arbuni kwa M-Pesa na ujumbe unaotaja saa, mahali, nauli na chakula. Muulize mwenye shughuli kuhusu kibali pia, maana Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2009. Na ukiwa kazini vaa glavu: mwiba wa waridi ukiingia ncha ya kidole Ijumaa, Jumamosi ni chungu.

9. Mfanye mpiga ngoma kuwa ndugu

Kabla ya wenzenu kufika mazoezini, pigeni nusu saa ninyi wawili tu. Muombe apige ngoma ya mguu peke yake, nawe uweke noti zako juu yake mpaka zisikike kama pigo moja. Kisha badilisheni mwendo: polepole kwa rumba, haraka kwa benga. Kaa upande wa ngoma ya mguu jukwaani, na uweke vizibo vya masikio, kwa kuwa sikio likiharibika halinunuliwi kwenye maduka ya vifaa vya umeme ya Luthuli Avenue, Nairobi. Ninyi wawili mkishikana, mwimbaji akisahau ubeti au mpiga solo akikata uzi, watu bado wataendelea kucheza.