Kazi ya Nyumbani Inayokutoza Kabla ya Kukulipa

Ujumbe huingia WhatsApp kutoka namba usiyoijua. Anayeandika ana adabu, anajitambulisha kuwa afisa ajira, anauliza kama unayo saa moja ya ziada kwa siku. Cheti haulizi. Kazi utaifanyia nyumbani kwa simu yako: kubonyeza alama ya kupenda kwenye video, kuzipa hoteli nyota, kutazama matangazo. Malipo ni kila siku. Yafuatayo ndiyo maswali ambayo watu huuliza, wachache kabla ya kuingia, wengi wakiwa wameshaumia.

Mbona mimi nimelipwa kweli?

Hili ndilo linaloponza wengi, basi tulikalie kidogo. Ni kweli umelipwa. Siku ya kwanza unabonyeza video chache, kwenye simu inaingia, tuseme, shilingi 3,000. Kesho yake vivyo hivyo. Tapeli hakulipi kwa kuwa kazi yako ina thamani. Ananunua imani yako, tena kwa bei rahisi.

Baada ya hapo unahamishiwa kwenye kundi la Telegram, unapewa "mwalimu", unaambiwa zipo kazi za daraja la juu: weka 20,000, jioni utoe 26,000. Unaweka na unatoa. Unaweka 100,000. Hapo mambo hugeuka. Katikati ya kazi inatokea "kazi maalumu", salio linasoma hasi, na huwezi kutoa hata senti mpaka ujazie 250,000. Ukijazia, unaambiwa umekosea hatua, kuna faini. Ukilipa faini, inadaiwa kodi. Wakati huohuo kiasi kinachoonekana kwenye akaunti yako kinazidi kupanda, lakini tovuti ni yao na huandika humo wanachotaka. Pesa halisi iliondoka dakika ile ulipoituma, ikaenda kwenye laini ya mtu mwingine au ikageuzwa sarafu ya kidijitali.

Watu husema waliotapeliwa wameponzwa na tamaa. Sikubaliani nao. Anayeendelea kujazia huwa ameshaacha kufukuzia faida. Anahangaika kukomboa alichoweka, na pengine ni ada ya mtoto au mkopo wa kikoba. Tapeli analijua hilo vizuri, ndiyo maana kila dai jipya huja na ahadi kwamba hili ndilo la mwisho.

Na wale kundini wanaoonyesha miamala yao?

Wengi ni matapeli haohao wenye majina tofauti, na picha ya muamala hutengenezwa kwa dakika chache. Wapo pia wanaosema kweli kadiri wanavyojua: wamelipwa kidogo, wameamini, wanaalika dada zao na majirani. Hao ndio wanaoueneza utapeli kwa kasi, kwa sababu tunawaamini. Mwaka 2021 Wakenya wengi walipoteza pesa kwenye programu iliyojiita Amazon Web Worker, ambayo haikuwa na uhusiano wowote na Amazon. Mapema 2025 ikawa zamu ya Tanzania: mpango uliojiita LBL uliwaahidi watu kipato cha kutazama matangazo ya filamu baada ya kulipa kiingilio, na polisi wakawakamata watu katika mikoa kadhaa. Nchini Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho haikupokea lalamiko hata moja la aina hii mwaka 2020. Katika nusu ya kwanza ya 2024 pekee ilipokea takriban 20,000.

Nyuma ya ujumbe huo yuko nani?

Wakati mwingine ni mtu aliyetapeliwa kwa tangazo la kazi kabla yako. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria mwaka 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wapatao 100,000 Kambodia, walikuwa wakilazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wakenya na Waganda wamo. Waliahidiwa kazi nzuri Thailand, wakavushwa mpaka na kufungiwa kwenye majengo yenye ulinzi. Kwa hiyo ofa ya kazi ya kompyuta Asia, yenye tiketi ya bure na mkataba usioeleweka, iogope kuliko hata ile ya kubonyeza video.

Hawajaniomba pesa. Wanataka nipokee tu na kutuma mbele.

Kataa kabisa. Pesa hiyo kwa kawaida imeibwa kwa mtu mwingine, na laini iliyosajiliwa kwa jina lako ndiyo polisi watakayoifuata. Ndugu zetu walioko Marekani hutumiwa hundi, wakaambiwa wabaki na sehemu na kutuma inayosalia. Benki inaweza kuwaachia pesa baada ya siku chache, na hundi ikagundulika bandia wiki kadhaa baadaye. Deni linabaki kwao.

Kwani hakuna kazi halali za mtandaoni?

Zipo: kutafsiri, kuhudumia wateja, kuandika yaliyomo kwenye sauti, kutengeneza programu. Huko utajaribiwa, utasailiwa, utajua unamfanyia nani. Mwajiri wa kweli hadai pesa ya usajili, ya mafunzo wala ya "kufungua akaunti". Anayekuandikia akitaja kampuni inayojulikana, usibonyeze kiungo alichokutumia; itafute tovuti ya kampuni mwenyewe na uwaulize. Wakala wa ajira akikufuata Kenya, mtazame kwenye orodha ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Tanzania, uliza TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira.

Nimeshatuma. Nifanyeje?

Pigia mtandao wako wa simu au benki sasa hivi, kabla pesa haijatolewa kwa wakala. Hifadhi picha za mazungumzo, namba na miamala kabla hujatoka kundini, kisha nenda polisi. Tanzania, namba ya tapeli huripotiwa kwa ujumbe kwenda 15040. Wateja wa Safaricom Kenya hutuma ujumbe kwenda 333. Kama uliwapa picha ya kitambulisho, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Na akitokea mtu wa kukurudishia pesa zako kwa malipo kidogo ya awali, mkimbie. Mara nyingi ni walewale wamerudi.

Mwanangu yumo na hataki kusikia.

Usimgombeze, atakuficha. Kaa naye, mwombe atoe salio lake lote mbele yako, leo, bila kuongeza hata shilingi. Kama salio ni dogo wanaweza kumlipa ili azidi kuamini, na hapo mwambie asirudishe. Kama ni kubwa, watamdai kwanza alipe kitu. Usomeni ujumbe huo wa madai pamoja.