SERIAMU, MLINZI WA UTANDO
Somo la kemia kwa wanafunzi wa sekondari

Mvuvi wa Mugango, kando ya Ziwa Viktoria, anajua kuwa wavu haumalizwi na samaki peke yake. Wavu wa nailoni ulioachwa juani kwa muda mrefu hukatika kwa kuvutwa kidogo tu, kwa kuwa miali ya jua imekwisha kuvunja minyororo ya molekuli ndani ya uzi. Ndiyo maana matangi mengi ya maji ya plastiki ni meusi: kiwandani huchanganywa na masizi laini, ambayo hufyonza miali kabla haijaidhuru plastiki. Kitu kidogo kilichoongezwa hukilinda kikubwa. Katika somo hili tutaiona kanuni hiyo ikifanya kazi ndani ya seli ya fueli ya hidrojeni.

Seli ya fueli ni nini?

Ni chombo kinachounganisha hidrojeni na oksijeni bila moto, kikatoa umeme na maji. Upande mmoja, hidrojeni hugawanyika juu ya platini kuwa protoni na elektroni. Elektroni hupita katika waya, na huo ndio umeme tuutumiao. Protoni hupita katika utando wa polima yenye asidi, ambao siku hizi unene wake huwa kiasi cha milimita 0.01 hadi 0.025. Utando huohuo huzitenga gesi mbili zisichanganyike. Ukitoboka, seli imekufa.

Adui wa ndani

Chombo cha anga cha Marekani, Gemini 5, kilitumia seli za namna hii mwaka 1965. Tando zake za polistireni hazikuwa na maisha marefu. Baadaye zilipatikana polima zenye florini, zilizo imara zaidi. Lakini nazo huchakaa. Kwa nini?

Oksijeni kidogo hupenya utando, ikakutana na hidrojeni, na hapo hutokea hidrojeni peroksaidi. Ikiwapo hata chembe ya chuma, kama vile kutu ya bomba au vyuma vya mtambo wenyewe, hufuata badiliko ambalo Fenton alilieleza mwaka 1894:

Fe²⁺ + H₂O₂ + H⁺ → Fe³⁺ + H₂O + •OH

Alama •OH ni redikali ya hidroksili. Ina elektroni moja isiyo na mwenzake, hivyo huipokonya molekuli yoyote iliyo karibu. Minyororo ya polima hukatwa kiungo baada ya kiungo, na florini hutoka pamoja na maji ikiwa floraidi. Wataalamu hupima floraidi hiyo ili wajue utando unaliwa kwa kasi gani.

Kinga

Ayoni chache za seriamu zikitiwa katika utando, huwahi redikali kabla haijaifikia polima:

Ce³⁺ + •OH + H⁺ → Ce⁴⁺ + H₂O

Kisha seriamu hurudia hali yake ya kwanza:

Ce⁴⁺ + H₂O₂ → Ce³⁺ + HOO• + H⁺

Redikali HOO• ni dhaifu kuliko •OH. Kwa kuwa seriamu haimaliziki katika kazi hii, kiasi kidogo chatosha. Manganizi nayo yaweza kutenda kazi ya namna hiyo.

Lakini kila dawa ina kipimo chake. Ayoni za seriamu hukalia nafasi za asidi ambazo protoni huzitumia kupita. Zikizidi, umeme hupungua. Tena huhama ndani ya utando na huweza kuchukuliwa na maji, zikaacha sehemu nyingine bila ulinzi. Jinsi ya kuzituliza mahali pake ni swali ambalo utafiti ungali unalishughulikia.

Yatuhusu nini?

Seriamu ni mojawapo ya madini adimu yaliyomo katika mlima Ngualla, mkoani Songwe. Zaidi ya hayo, mtambo wa kuendeshea barafu ya samaki kijijini, mbali na fundi na vipuri, hauna thamani ikiwa utando wake utaoza mapema. Anayenunua mtambo na aulize bei, kisha aulize pia utadumu saa ngapi, na maji yake yasafishwe kwa kiasi gani.

Mazoezi

1. Wizara ya Nishati ya Marekani imeweka lengo la saa 25,000 kwa seli za malori ifikapo 2030. Lori likifanya kazi saa 10 kwa siku, seli itadumu siku ngapi?

2. Hakikisha kuwa chaji za pande mbili ni sawa katika kila mlinganyo hapo juu.

3. Eleza kwa nini maji ya ziwa hayafai kuingizwa katika seli kabla ya kuondolewa ayoni za metali.

4. Mkitengeneza oksijeni maabara kwa hidrojeni peroksaidi na manganizi dayoksaidi, pimeni uzito wa unga mkavu kabla na baada ya jaribio. Matokeo hayo yanafanana vipi na kazi ya seriamu?