Sindano ya Kupunguza Uzito Ikiingia Nyumbani

Siku hizi ukifungua friji ya watu unaweza kukuta kalamu ya plastiki imelala kando ya mtindi na chupa ya achari. Si ya kuandikia. Ni sindano ambayo mtu hujichoma tumboni au pajani, mara nyingi moja kwa wiki, ili uzito upungue. Nyingine imeandikwa na daktari hapa hapa mjini. Nyingine imekuja na shangazi kutoka Muscat au Dubai, imeviringishwa kwenye kanga ndani ya sanduku. Nyingine imeagizwa kwa simu kutoka kwa muuzaji ambaye hakuna aliyewahi kumwona uso. Kijitabu hiki ni cha wote wanaotumia friji hiyo, si cha mwenye kalamu peke yake.

Kazi yake mwilini

Ukila, utumbo hutoa homoni iitwayo GLP-1. Homoni hiyo huliamsha kongosho litoe insulini, hupunguza kasi ya chakula kutoka tumboni, na kuuarifu ubongo kwamba imetosha. Ile ya asili huvunjika ndani ya dakika chache. Ya kwenye sindano imetengenezwa idumu. Chanzo chake ni cha ajabu kidogo: katika miaka ya 1990 daktari John Eng wa New York aligundua kitu kinachofanana na homoni hiyo katika sumu ya mjusi wa jangwani, na mwaka 2005 Marekani ikaidhinisha dawa iliyotokana na ugunduzi huo kwa wenye kisukari.

Leo majina yanayosikika zaidi ni semaglutidi, ambayo kwa kisukari huitwa Ozempic na kwa uzito Wegovy, na tirzepatidi, yaani Mounjaro au Zepbound, inayoiga homoni mbili. Liraglutidi, inayouzwa kwa jina la Saxenda, huchomwa kila siku. Zinafanya kazi, na haina maana kumficha mtu hilo. Katika utafiti wa watu 1,961 uliochapishwa mwaka 2021, waliochoma semaglutidi kwa wiki 68, huku wakishauriwa kuhusu chakula na mazoezi, walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15. Aliyekuwa na kilo 100 ndiyo kama kufika 85. Lakini waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walirudisha takriban theluthi mbili ya walichopoteza. Kwa hiyo kabla ya kununua kalamu ya kwanza, piga hesabu ya kalamu za mwaka mzima, kisha ujiulize kama ada ya shule ya watoto itabaki salama.

Nani anastahili

Gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 86 na urefu wa mita 1.62 anapata karibu 33. Kwa kawaida daktari huifikiria sindano kuanzia 30, au kuanzia 27 ikiwa pana presha, kisukari au maradhi mengine yanayoambatana na uzito. Bi harusi anayetaka gauni limkae vizuri kwenye sendofu, na uzito wake ni wa kawaida, hayumo.

Hayumo pia mjamzito. Anayepanga mimba aache semaglutidi angalau miezi miwili kabla, kwa sababu dawa hubaki mwilini kama wiki tano baada ya sindano ya mwisho. Mwenye kuchoma tirzepatidi huku akimeza vidonge vya majira ajue kwamba vidonge hivyo vinaweza kupungua nguvu: atumie na kondomu kwa wiki nne baada ya kuanza, na wiki nne kila dozi inapopandishwa, au ahamie kwenye njia isiyo ya kumeza. Mwenye historia, yake au ya ukoo wake, ya saratani ya medula ya tezi ya shingo asiiguse. Aliyewahi kuugua kongosho amwambie daktari kabla ya jambo jingine lolote.

Ngazi ya dozi

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Semaglutidi ya uzito huanza na miligramu 0.25 kwa wiki, kwa wiki nne, kisha 0.5, 1, 1.7, mpaka 2.4. Kupanda ngazi yote huchukua miezi minne. Dozi ile ndogo ya mwanzo haikusudiwi kukukondesha; ni ya kulizoesha tumbo. Anayeona mwezi umepita na mzani haujasogea, akaruka ngazi mbili, hulala bafuni akitapika, na dawa ikishaingia haitolewi.

Hatari huzidi kwenye vichupa vya kuvuta kwa bomba. Chukua kichupa chenye miligramu 2.5 katika kila mililita. Dozi ya 0.25 ni mililita 0.1, yaani uniti 10 kwenye bomba la insulini. Anayevuta mpaka uniti 100 amejichoma mara kumi ya dozi hiyo. Marekani, mwaka 2024, mamlaka ya dawa ilitoa onyo baada ya watu kujidunga mara 5 hadi 20 ya walichoandikiwa kwa makosa ya namna hii. Kama hukuonyeshwa na mtaalamu, kwa mkono wake, kiasi cha kuvuta, usivute.

Umesahau wiki? Usichome mbili kwa pamoja; fuata karatasi iliyomo kwenye boksi. Zikipita wiki mbili au zaidi, ongea na daktari kwanza, maana huenda ukahitaji kushuka ngazi.

Asiyeona njaa

Kichefuchefu, kuharisha, kufunga choo na kiungulia ni vya kawaida, hasa dozi inapopanda. Sahani ndogo husaidia. Chapati zinazochuruzika mafuta na chipsi mayai za usiku huvizidisha. Anza na maharage, dagaa, yai au samaki kabla ya wali, kwa sababu mwili unaopungua haraka hupoteza na misuli, na mzee akipoteza misuli huanguka. Kunywa maji hata bila kiu. Mwezi wa Ramadhani si wakati wa kuanza wala wa kupandisha dozi bila ushauri: kutapika bila kunywa kunaweza kuziumiza figo.

Nyumbani kwetu mgeni hushindiliwa chakula, na anayepungua husemwa. Watu watanong'ona kwamba ana ule ugonjwa. Ndiyo maana wengi huificha kalamu. Naielewa aibu hiyo, ila mmoja ndani ya nyumba lazima ajue: mke, mume, dada, yeyote. Siku mtumiaji anapotetemeka, kutokwa jasho na kusema maneno yasiyoeleweka, hasa kama anatumia pia insulini, glibenklamidi au gliklazidi, huyo ndiye atakayejua kwamba ni sukari imeshuka, ampe maji ya sukari kama anaweza kumeza na kumkimbiza hospitali. Ndiye atakayemweleza daktari wa nusu kaputi kuhusu sindano hiyo kabla ya upasuaji, kwa kuwa tumbo huchelewa kumwaga chakula hata kama mtu amefunga. Maumivu makali ya tumbo yasiyoisha, yanayopenya mgongoni, macho kuwa ya njano, kutapika hata maji au kuona ghafla kumefifia: hayo hayasubiri asubuhi.

Ya bandia, ya joto, ya kuazima

Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha juu ya semaglutidi bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Mwaka uliotangulia, Austria, watu walilazwa kwa sukari kushuka baada ya kuchoma kalamu iliyoshukiwa kuwa na insulini. Nunua famasia iliyosajiliwa, kwa cheti, na uombe risiti.

Kalamu isiyofunguliwa hukaa friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na friza. Iliyoganda itupwe hata kama imeyeyuka. Ndani ya ndege ibebe mkononi, si kwenye mzigo wa chini. Nje ya friji muda wake hutofautiana kwa kila dawa, na mwisho kwa kawaida ni nyuzi 30, joto ambalo Dar es Salaam na Mombasa hulipita mchana wa Februari bila kutokwa jasho.

Usimwazime shoga yako kalamu, hata akibadilisha sindano. Damu inaweza kurudi ndani ya kalamu, na virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini vikapita. Sindano zilizotumika ziweke kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, uipeleke kituo cha afya ikijaa. Jaani kuna watoto, na kuna vijana wanaookota chupa kwa mikono mitupu.