SOMO: KITU KINAPOPOTEA NYUMBANI KABLA YA SAFARI



Somo letu la leo ni juu ya jambo ambalo huenda msomaji akalidharau, akasema, "Hili nalo lina haja gani ya kuandikwa?" Nalo ni kupotea kwa kitu cha maana ndani ya nyumba siku chache kabla ya safari. Twamwomba asifanye haraka, kwani katika jambo hili dogo wengi wetu wamepoteza kilicho kikubwa kuliko kitu chenyewe.

Hapa mjini Kisii palikuwa na mzee mmoja aliyeikusanya nauli ya Hija kwa miaka mingi. Zilipobaki siku mbili kabla ya kupanda gari la Nairobi, aliitafuta pasipoti yake asiione. Kasha likapinduliwa, magodoro yakainuliwa, watoto wakakaripiwa. Kabla ya Magharibi watu walikuwa wamekwisha kumpata mwizi: ni msichana wa kazi, aliyetoka Nyamira, kwa kuwa ndiye anayekifagia chumba. Hapakuwa na ushahidi mwingine ila ule ufagio. Jirani mmoja akashauri isomwe Halbadiri. Mwingine akasema yuko mpiga ramli hodari upande wa Keroka. Msichana alipoyasikia hayo alifunga nguo zake, na kabla ya alfajiri akaenda kwao. Watu wakasema, "Mmeona? Amekimbia."

Asubuhi ile ile mwana wa mzee alilimimina begi la safari sakafuni. Pasipoti ikaonekana chini ya ubao mwembamba unaoshika kitako cha begi, imefungwa pamoja na kadi ya sindano ya homa ya manjano. Mzee mwenyewe ndiye aliyeiweka hapo, ili isipotee!

Sasa na tuitazame sira ya Mtume wetu (S.A.W.). Katika safari mojawapo mkufu wa Bibi Aisha ulikatika ukapotea. Mtume akasimamisha msafara wote, akatuma watu wautafute, hali pale walipo hapana maji. Watu wakanung'unika, na Sayyidna Abubakar akamlaumu binti yake. Hapo ndipo iliposhuka ruhusa ya kutayamamu. Hata walipomwinua ngamia aliyekuwa akimpanda Bibi Aisha, mkufu ulikuwa chini yake.

Tuyazingatie mambo mawili. La kwanza, Mtume wa Mwenyezi Mungu hakudai kujua mkufu ulipo, bali alituma watu wakautafuta kwa macho na mikono. Ikiwa yeye hakuijua ghaibu ila alichofunuliwa, je, mpiga ramli wa sokoni ameijulia wapi? La pili, kitu kilichotafutwa mbali kilikuwa chini ya ngamia wa mwenyewe.

Na katika safari nyingine, waliporejea kutoka vita vya Banu Mustaliq, mkufu ulipotea. Bibi Aisha akarudi kuutafuta, msafara ukamwacha nyuma, na wanafiki wakapata la kusema. Mkufu ulipatikana, lakini uzushi ulizunguka Madina karibu mwezi mzima, mpaka aya za Suratun-Nur zikashuka kumtakasa. Hivyo ndivyo dhana ilivyo: kitu huonekana upesi, bali heshima ya mtu huchelewa kurudi.

Kwetu Kisii na Nyamira jambo hili ni zito zaidi. Mwenda kwa mpiga ramli, au kwa wale ambao Kigusii huwaita abaragori, hatoki na kitu chake, hutoka na jina la mtu. Na jina likitajwa, nani ataurudisha ulimi? Mwezi wa Mei mwaka 2008 wazee 11 walichomwa moto katika vijiji vya Kisii kwa tuhuma za uchawi tu. Mwezi wa Oktoba 2021 wanawake wazee 4 wakauawa huko Marani kwa tuhuma kama hiyo. Hatusemi kuwa kila pasipoti iliyopotea huleta mauaji. Twasema kuwa mlango ni mmoja: kuhukumu bila ya ushahidi. Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa anayemwendea mtabiri akamwuliza, Sala yake haikubaliwi siku 40. Na Suratul-Hujurat, aya ya 12, imetukataza dhana na kupelelezana.

Basi kitu kikipotea yatupasa kufanya haya:

Kwanza, tukae chini. Tutawadhe, tusali rakaa mbili, tumwombe Mola wetu. Mwenye hasira hutazama kitu asikione.

Pili, tukumbuke mara ya mwisho tuliposhika kitu kile: tulikwenda wapi, tumevaa nguo gani, karatasi gani zilikuwa pamoja nacho.

Tatu, tuanze pale kinapokaa siku zote, na ndani ya mizigo yetu wenyewe. Tutoe kila kitu nje. Kuchungulia si kutafuta.

Nne, tuulize kwa upole, "Umeiona?" wala tusiulize, "Umeipeleka wapi?" Swali la pili ni hukumu.

Tano, kisipopatikana, twende kituo cha polisi tukaandikishe, kisha ofisi ya uhamiaji. Ndiyo maana ni vyema nakala ya pasipoti ikae mahali pengine, na karatasi zote za safari zikaguliwe mwezi mmoja kabla, si usiku wa kuondoka.

Ama yule mzee, jamaa walimwambia, "Alhamdulillahi, imepatikana, lala upumzike." Akajibu, "Iliyopatikana ni pasipoti." Maulamaa wametufunza kuwa anayekwenda Hija hulipa madeni yake na kurudisha haki za watu kabla ya kuondoka, na heshima ya msichana yule ilikuwa deni. Adhuhuri ile ile alipanda gari la Nyamira, akamwomba radhi mbele ya wazazi wake na mbele ya majirani zao. Aliporejea Kisii akawakusanya wale waliosema, akawaambia kwa kinywa chake kuwa mwenye kosa ni yeye. Kesho yake akasafiri.

Ndugu zetu, kabla ya kufunga mizigo, kila mmoja wetu na ajiulize: ni haki ya nani iliyofichika chini ya ngamia wangu?

Wallahu a'lam.